Fundi wa meno aliyeziba mwanya wa dada yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, fundi ameshakaa kwenye kiti chake katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Taa ameiinamisha hadi karibu na pua. Mkono wa kushoto umeshika plasta yenye umbo la taya la mtu, wa kulia umeshika tupa ndogo kama ya kucha. Anakwangua, anapuliza vumbi, anatazama, anakwangua tena.

Ni jino la majaribio, la plastiki, la mbele juu. Ameshalianza mara mbili, na mara mbili amelitupa.

"Hili likiharibika sina pa kuficha uso," anasema bila kuinua kichwa.

Jino lenyewe ni la mtoto wa dada yake.

Fundi ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki kisicho na dirisha. Anayepandikiza ni daktari. Yeye hutoboa mfupa mahali jino lilipong'oka, akaingiza skrubu ya titani, kisha mgonjwa akangoja miezi mitatu, minne, mfupa uishike. Hapo ndipo kazi huja kwa fundi, atengeneze jino la kufungwa juu ya skrubu hiyo.

Kwa wiki hutoa meno kumi hivi. Jino moja humgharimu mteja zaidi ya mshahara wa miezi mitatu wa mlinzi wa getini, na mlinzi hachoki kumtania: "Mama, hapo mkononi umeshika kiwanja changu. Usikiangushe!"

Wagonjwa wenyewe fundi hawafahamu kwa sura.

"Naletewa plasta na namba ya rangi, basi," anasema. "Nikimaliza naweka kwenye kisanduku, daktari anachukua."

Miaka mitatu iliyopita dada yake mkubwa aliteleza bafuni, akapoteza meno mawili ya mbele. Dada huyo alikuwa na mwanya, tena si wa kubahatisha.

"Ulikuwa unapitisha njiti ya kibiriti," anasema fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Utotoni alikuwa anarusha mate kupitia pale hadi ukutani. Mimi yangu yamebanana, nilikuwa nalia kwa wivu. Na shemeji yangu alikuwa akisema yeye alioa mwanya, dada akaja kama nyongeza."

Katika ufundi huu, meno mawili jirani hupimwa kwa uzi. Uzi ukipita kwa kubana, kazi ni nzuri. Ukipita bila kubana, kazi inarudishwa. Fundi alimtengenezea dada yake meno mawili yaliyobanana barabara, na daktari akamsifu.

"Uso wa dada naujua tangu nazaliwa," anasema. "Lakini nililetewa plasta, nikaifanyia kama ninavyozifanyia plasta zote."

Dada alijitazama kwenye kioo cha mkononi.

"Mazuri, mdogo wangu," alisema. "Ila huyu simjui."

Walicheka wote wawili. Fundi aliahidi kuyarudia. Yangefunguliwa tu, skrubu zikabaki palepale. Lakini wiki hiyo kazi zilikuwa zimerundikana. Wiki iliyofuata tanuri la kuchomea meno likaharibika. Baadaye dada akaacha kuuliza, akaanza kucheka amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Niliona. Usidhani sikuona," anasema fundi. "Nikajiambia atazoea."

Hakuwahi kuzoea. Shinikizo la damu lilimwondoa miezi tisa baada ya kufungwa meno hayo.

Ilipotafutwa picha ya kutundika ukutani, binti wa marehemu alizichambua picha zote za mwaka ule wa mwisho, akaziweka kando. "Akaniuliza, 'Mama mdogo, hapa mama yuko wapi?' Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Binti huyo, fundi cherehani wa miaka thelathini na moja, amerithi mwanya wa mama yake. Mwaka huu pikipiki aliyopanda iligonga ukingo wa barabara na jino moja la mbele likaenda. Alimwambia daktari ampandikizie skrubu, ila jino likatengenezwe kwingine. Daktari alifikisha ujumbe.

"Nilimjibu ana haki," anasema fundi.

Skrubu iliposhika, binti alibisha hodi kwenye chumba cha nyuma mwenyewe. Anaeleza kwa nini alirudi: "Nilikwenda kwa fundi mwingine, akaniuliza kama anizibie na mwanya, bei ileile. Nikasema kumbe ndivyo walivyo wote! Bora huyu wangu, anajua alichokiharibu."

Saa tatu juu ya alama binti anaingia, bado ana futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kaa hapa kwenye mwanga. Hebu cheka."

"Nicheke nini, na pengo hili?"

"Cheka hivyohivyo, nikuone."

Daktari analifunga jino la majaribio, anamwachia fundi bisibisi na kutoka. Binti anajitazama, anapitisha ncha ya ulimi.

"Upo. Lakini umebana."

"Umebana wapi? Mbona nimeacha..." Fundi anainama, anauangalia mwanya. Anautazama mkono wake. "Huu umezoea kuziba, mwanangu. Kiasi gani?"

"Mimi nikimpunguzia mteja kiuno namuuliza, hapa? Au hapa? Siendi kukata tu."

Fundi anachukua penseli. "Hapa?"

"Sogea."

"Hapa?"

Jino linafungwa, linafunguliwa, linakwanguliwa, linafungwa tena. Mara ya tatu binti anapitisha ulimi. Anacheka tu, mdomo wazi, na fundi anageukia ukutani, anajifanya anatafuta tupa iliyo mkononi mwake.

"Dakika arobaini," anasema fundi, binti alipokwisha kuondoka. "Nimeangalia saa. Dada nilimnyima dakika arobaini."

Jino la kauri litakuwa tayari Ijumaa. Zaidi ya hilo, fundi ana ombi lililokubaliwa wiki hii: kila mgonjwa akae naye kwanza, uso kwa uso, kabla hajaanza kazi. Daktari alihofia foleni. Fundi akasema yeye atawahi saa nzima, na malipo hataki.

"Wazungumze, wacheke, wakitaka wagombane nami," anasema. "Mgonjwa akiniambia, 'Huyu simjui,' nafungua palepale."

Kesho saa moja anaanza na dereva mstaafu aliyengoja miezi minne. Plasta ya dereva huyo ililetwa jana. Fundi ameifunika kitambaa, hataki kuiona kabla ya kumwona mwenyewe.