Triga ya Lin

Juzi kwenye televisheni nilimwona msichana akilenga shabaha kwa bunduki ya upepo, na alasiri moja ya utotoni kule Guangzhou, China, ikanirudia.

Mama alikwenda soko la Zhanxi kununua viatu, akaniacha kwa mwenye nyumba wetu, Mwalimu Chen, aliyefundisha wasichana, binti yake mmojawapo, kulenga shabaha. Ukumbi wake ulinuka mafuta ya bunduki na jasho. Lin, mwanafunzi wake hodari, alipotoka kunawa mikono kabla ya mchujo wa timu, Mwalimu alichukua bisibisi akaikaza skrubu ya triga, kifyatulio cha bunduki ya Lin, taratibu. Nilidhani anamsaidia.

Risasi za Lin zikaenda kombo moja baada ya nyingine.

“Mwalimu, triga imekuwa nzito.”

“Triga ni ileile. Kidole chako ndicho kibovu.”

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lin akanigeukia. “Wewe ulibaki hapa. Kuna mtu ameigusa?”

Mwalimu alinitazama kwa upole. Nikatikisa kichwa kukataa, maana nilijua wema mwingine hufanywa kwa siri.

Nafasi kwenye timu aliipata binti wa Mwalimu. Lin aliliacha koti lake la mazoezi kwenye benchi, akaondoka bila kuaga.

Mama aliporudi aliuliza, “Mwanangu hakukusumbua, Mwalimu?”

“Huyu ana adabu kuliko wote.”

Mpaka leo Mama huwasimulia wageni sifa hiyo, nami humwacha asimulie.