Popo wa Kwedizinga na Penseli ya Hilaria

Hilaria alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa kinyozi. Pale Korogwe, katika studio ya mjomba wake Kasmiri, mjomba alipiga picha, na Hilaria aliwafanya watu wazipende. Alikaa dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano, akagusagusa negativu, ile filamu ya kuchapia picha, mpaka makovu ya ndui yakapotea, makunyanzi yakalainika, na wanaume waliokuja wamenuna wakaondoka na picha za watu wapole. Baba yake, mkata mkonge wa Mazinde, alipopigwa picha ya kadi ya chama alitoka na mashavu ambayo mkewe hakuyatambua.

"Huyu nani tena?" mama aliuliza.

Agosti ya mwaka sabini na tano aliingia Mzee Mbaruku, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa cha Kwedizinga, kule Handeni. Alikuja na uso wa mtu aliyeonewa. Shamba la mapapai la kijiji lilikuwa limetoa matenga manne badala ya arobaini, na bwana shamba, Matayo, alikuwa ameandika barua kwamba wanakijiji ni wavivu, tena waongo.

"Tumemwambia ni popo, akacheka," alisema Mzee Mbaruku. "Yeye huja shambani saa nne asubuhi, popo wameshashiba, wameshakwenda kulala. Miti wanayolala iko ng'ambo ya bonde, na viatu vyake haviwezi bonde. Sasa nataka picha. Mwizi apigwe picha kama wezi wengine."

Kasmiri alikohoa. "Mzee, mimi napiga watu waliokaa kwenye kiti." Akamgeukia Hilaria. "Nenda wewe, mwanangu. Wewe bado una magoti."

Basi Hilaria akashuka Kwedizinga na kamera shingoni. Mwantumu, mke wa mwenyekiti, alimlisha ugali na mlenda, kisha akamtangulia kuvuka bonde. Kabla hawajauona mti wa kwanza vizuri waliusikia: kelele kama ya soko siku ya gulio, na harufu ya kufumba macho. Ulikuwa msufi mkubwa. Hilaria alipiga picha moja kwa mbali, ili mkono uzoee, kisha akasogea mpaka shinani, akainua kamera. Tone likadondoka juu ya lenzi.

"Maji?" aliuliza.

"Mkojo," alisema Mwantumu kwa furaha. "Wanakukaribisha."

Alifuta lenzi kwa ncha ya khanga, akapiga tena, wakamkaribisha tena. Mwishowe Mwantumu alimshikia ungo juu ya kichwa, na wakazunguka mti hivyo, kama bi harusi na mpambe wake. Kwenye tawi la chini palikuwa na popo jike aliyemkunjia mtoto wake ndani ya bawa. Alifumbua jicho, akamtazama Hilaria kama mama aliyeamshwa na mgeni asiyebisha hodi. Hilaria akampiga picha.

Filamu iliposafishwa, picha za karibu zilikuwa za kusikitisha: mbingu nyeupe pe, na vitu vyeusi vinavyoning'inia kama miavuli iliyovunjika. Ya yule mama peke yake ndiyo ilikuwa na uhai, na mkono wa Hilaria haukuweza kujizuia. Kwa siku tatu alitia nuru machoni, akachora manyoya unywele kwa unywele, akafuta kijiti kilichokatiza usoni, na sikio moja lililopinda akalinyoosha.

Mzee Mbaruku aliishika ile picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mwanangu," alisema, "nilikuagiza mwizi. Umeniletea bi harusi."

Aliipeleka hivyo hivyo, na kesho yake alirudi mbio mbio. "Bwana Matayo amesema kanyama kapole kama haka hakawezi kumaliza matenga thelathini na sita. Ameomba nakala, akamwonyeshe mkewe!" Akaiweka picha mezani. "Mharibu. Muongeze meno. Mtie ukali."

Hilaria alichukua penseli, akaiinamia picha, akainuka tena. Aliwahi kuondoa ila za nusu ya wilaya, lakini hakuwahi kumtia mtu ila hata moja.

"Siwezi, mzee. Hajanikosea kitu."

"Amekukojolea!"

"Hilo kweli," Hilaria alikiri. Lakini penseli aliiweka chini.

Badala yake aliingia chumba cha giza, akazipitia upya zile negativu alizokuwa amezitenga, na alipofika kwenye ile ya kwanza, ya mbali, akacheka peke yake. Akaichapa kwa ukubwa wote wa karatasi, bila kuigusa popote, hata mkwaruzo wa pembeni akauacha. Wakaenda yeye na Mzee Mbaruku kwa bwana shamba.

"Mti mzuri," alisema Matayo. "Umejaa majani. Popo wenyewe wako wapi?"

"Ni msufi, bwana," alisema Hilaria, "na huu ni mwezi wa nane."

Matayo alikuwa msomi wa miti. Alijua kwamba msufi mwezi wa nane hubaki matawi matupu. Alivaa miwani, akaanza kuyatazama yale majani kutoka chini kwenda juu, midomo ikichezacheza, na alipofika katikati akakaa kitini.

"Yote haya?"

"Yote."

"Na iko mingapi, miti kama huu?"

"Mitatu, Ndugu," alijibu Mzee Mbaruku kwa upole mkubwa.

Barua mpya iliandikwa hapo hapo. Matayo alifuta neno "wavivu", na Mzee Mbaruku hakunyanyuka mpaka na "waongo" likafutwa. Ushauri uliotolewa ni mapapai yachumwe mabichi yakiisha kukomaa, yaivie ndani ya nyumba. Msimu uliofuata kijiji kilipata matenga ishirini na sita. Mengine waliwaachia wenyewe wa misufi, nao hawakulalamika.

Kasmiri aliitundika ile picha ya mama na mtoto dirishani, katikati ya maharusi. Siku moja mwanamke wa Kilole alisimama akaitazama sana, akasema macho mazuri, ila huyu siye popo, sikio hili limechorwa. Hilaria alikaa na neno hilo mchana kutwa. Jioni akaifuta penseli yote kwenye negativu, akaichapa upya, sikio likiwa limepinda, akaibadilisha pale dirishani wala asimwambie mtu.