Baba Alipokuja Kujitazama

Kuku wa kwanza tuliyetuzwa katika maonyesho ya majaribio alikwenda kwa mtu asiyestahili. Ilikuwa Iguguno, mchana, kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la alizeti, juu ya jukwaa la mbao tulilolifunika kwa turubai. Katikati ya wimbo wa baba, bibi mmoja aliinuka kwenye kiti chake, akapanda jukwaani taratibu bila kumwomba mtu ruhusa, akamkabidhi mwigizaji jogoo aliyefungwa miguu. Watu wakapiga vigelegele. Mwigizaji akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante bibi, shikamoo," kisha akarudi kumfokea binti yake wa kwenye mchezo, jogoo yuko kwapani.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la pembeni, nimekunja ndita. Mchezo ule niliuandika mimi, nilikuwa nauongoza mimi, na yule baba nilimwandika ili achukiwe.

Niseme ulikuwa unahusu nini. Ni mchezo wa jukwaani wa nyimbo, mwanzo mpaka mwisho. Binti wa muuza vitambaa anataka kwenda pwani kusomea sanaa, baba yake anataka abaki dukani. Wanabishana kwa kuimba mpaka asubuhi moja binti anabeba begi na kumuaga. Baba anampa mgongo, anaendelea kumpimia mteja kitambaa. Binti anatoka, pazia linafungwa. Tulikuwa tunauzungusha kwa watu kwanza ili tuone wanaupokeaje, kabla ya kuuzindua rasmi mjini.

Binti mwenyewe ni mimi. Sikumwambia mtu, lakini Singida ukinunua sufuria jipya asubuhi, jioni jirani anakuuliza umepikia nini. Baba yangu ana duka la vitenge na vitambaa vya kushona pale mjini. Alilirithi kwa babu, ambaye alikuja na biashara yake kutoka upande wa Tanga, akaoa Mnyaturu, akabaki. Baada ya baba ilikuwa nirithi mimi. Nikaenda pwani, nikasoma, nikarudi, nikapanga chumba Utemini, mitaa michache tu kutoka nyumbani. Tangu hapo mimi na baba tukawa watu wa shikamoo, marahaba, basi. Nilikwenda sikukuu ya Idd, nilikwenda akiumwa, tukaulizana habari za mvua, nikaaga. Hatukugombana hata siku moja. Afadhali tungegombana, ningejua pa kushika.

Sasa kwenye yale majaribio nilijipa kazi moja: kuwatazama watazamaji. Jukwaa nilikuwa nalijua kwa moyo, watu ndio niliokuwa siwajui. Na watu wa Iguguno walinishangaza. Walicheka pale ambapo sikuweka kichekesho. Watoto walishika kiitikio kabla hakijarudiwa. Wimbo wa baba, ule anaouimba huku akigonga kaunta kwa mita ya mbao ya kupimia vitambaa, uliwafanya wanaume wazima wapige mapaja yao kufuata mdundo. Lakini wimbo wa binti wa kuaga, niliouandika na kuufuta na kuuandika tena mpaka macho yakauma, ulipoanza wakaanza kuulizana habari za mahindi. Mama mmoja nilipomuuliza baadaye amelionaje onyesho, akanijibu bila kusita, "Zuri sana. Yule baba ana uchungu wake. Binti ndiye ana haraka."

Haraka. Neno lile lilinikera njia nzima ya kurudi.

Anayeigiza baba ni muuza nyama wa Utemini, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lao, mtu mnene mwenye masihara. Nilimwambia mle mle garini kwamba ameharibu, amemfanya baba apendwe.

"Mimi nimepewa jogoo," akasema. "Wewe ulitaka nipewe mawe?"

Msichana anayeigiza binti, ambaye siku nyingine husuka watu nywele saluni, alicheka mpaka akaegemea dirisha. Jogoo naye akawika. Nikaona hapa sina mtu wa upande wangu.

Kabla ya onyesho la pili nikaufuta ubeti mzima wa wimbo wa baba, ule wa kugonga kaunta. Nikamwagiza muuza nyama akunje uso zaidi. Na nikaweka sheria: mtazamaji akisema neno, usimjibu. "Ukiwa jukwaani," nikamwambia, "watu hawapo."

"Mbona nawaona?" akauliza.

Ikungi tulikwenda siku ya mnada. Ukumbi ulijaa watu na manunuzi yao, ndoo, majembe, magunia, mbuzi wamefungwa nje wanapiga kelele. Huko ndiko nilikokoma. Binti alipoinua begi tu, wanawake wakaanza kusema naye. "Mwanangu, liweke chini hilo begi." Mwingine, "Baba yako hata chai hajanywa." Msichana wa watu akasahau ubeti wa pili, akarudia wa kwanza, wala hakuna aliyegundua, kwa sababu walikuwa wanamsihi.

Tulipomaliza alinifuata kijana mmoja muuza mitumba, amejitwisha viatu vyake begani kwa kamba.

"Dada, samahani. Pale baba alipogeuka, alikuwa anawaza nini?"

"Hakuwa anawaza kitu," nikasema. "Alikuwa anapima kitambaa."

Akanitazama vizuri, kama mtu anayesubiri nimalizie. "Kwa hiyo na wewe hujui," akasema, bila ubaya wowote, akaenda zake.

Yule kijana aliniharibia usingizi. Nilikuwa nimemsimamisha mtu mbele ya watu, nikampa nyimbo, mavazi, mpaka namna ya kuvaa kofia, na sikujua ndani ya kichwa chake mna nini. Siku ile yenyewe nilipomuaga baba niliuona mgongo tu. Kisha na mimi nikageuka, nikashika njia. Kutoka kaunta ya duka letu ukitazama nje unaona moja kwa moja hadi barabarani, pale basi linaposimama. Nilikwenda mwendo ule wote na begi langu bila kuangalia nyuma, kwa kiburi, maana nilijua naye kanipa kisogo. Sasa nikaanza kujiuliza. Nilijua kweli, au nilidhani?

Mama akanipigia simu katikati ya wiki. Tukasalimiana, kisha akasema, "Baba yako anauliza huo uzinduzi wa mchezo wenu hapa Utemini unaanza saa ngapi, asije akapitwa na sala."

Nilikaa chini. "Amejuaje?"

"Kwa muuza nyama wako. Alikwenda dukani kutazama jinsi vitambaa vinavyopimwa. Akamwambia baba yako, mzee, mimi ndiye wewe."

Nilikwenda buchani kwa hasira. Nilimkuta anakata mbavu. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na mengine hayasemeki mbele ya wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu chake.

"Ulinikataza kusema na watu nikiwa jukwaani," akasema. "Dukani kwa mzee sikuwa jukwaani."

Niliogopa, sitaficha. Nilifikiria kumgeuza yule baba awe muuza saruji, au mwenye mashine ya kukamua alizeti, chochote kisichokuwa na kaunta na mita. Msusi, yule anayeigiza binti, akaniambia nikibadilisha neno moja tu sasa hivi atasahau mchezo mzima, na aliniambia kwa uso wa mtu asiyetania. Basi nikaacha. Na chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, nacho nakikiri: nilitaka kumwona. Nilitaka kuwa nyuma ya pazia langu, nimtazame baba usoni wakati mtu aliyevaa kofia yake anampa binti yake mgongo. Labda uso wake ungenijibia lile swali la muuza mitumba.

Alikuja Jumamosi baada ya Alasiri, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mama pembeni yake. Akachagua kiti cha mstari wa tatu, karibu na njia. Upande wake mwingine akaketi jirani yake wa dukani, mzee Mhindi anayeuza vyombo, ambaye wamekuwa wakifungua milango pamoja kila asubuhi tangu wakiwa vijana. Watu wa mjini wametulia kuliko wa mnadani, na wengi walikuwa wameinua simu wanarekodi. Mimi nilipanua nafasi kati ya vipande viwili vya pazia, nikaweka jicho.

Muuza nyama aliuimba ule ubeti niliokuwa nimeufuta. Aliuimba wote, kaunta ikalia, wala hakunitazama. Mzee wa vyombo akacheka, akampiga baba kiwiko: "Ni wewe kabisa." Baba hakucheka, hakukasirika. Alikuwa anaitazama mikono ya muuza nyama inavyoshika kitambaa, kama anavyotazama kazi ya fundi anayetaka kumpa jora zima. Sikuweza kumsoma hata kidogo.

Ikafika asubuhi ya begi. Msusi akasimama mbele ya kaunta. "Baba, naondoka." Muuza nyama akageuka, akampa mgongo, akachukua mita. Msusi akaanza ule wimbo wa kuaga, huku anatembea taratibu kuelekea upande wangu, kama tulivyofanya mazoezi. Safari hii hakuna aliyeulizana habari za mahindi. Akamaliza kuimba, kikabaki kile kimya nilichokiweka makusudi ili watu wamchukie baba vizuri.

Ndipo baba yangu akasema, "Mwite."

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ile ile anayomwambia nayo msaidizi ashushe kitambaa kutoka juu ya rafu. Watu wachache waligeuka. Yeye alikuwa anamwangalia muuza nyama peke yake.

"Mwite, bwana. Bado hajafika barabarani."

Nikashika nguzo ya pazia. Kumbe aligeuka. Nilipokuwa nakwenda na begi langu na kiburi changu, yeye alikuwa amegeuka pale kaunta, ananiona, anahesabu mwendo uliobaki kati yangu na basi, na neno limemkaa kooni. Miaka yote ile, kila marahaba yake ilikuwa imelikalia neno lile.

Na mle ukumbini muuza nyama, niliyemkataza asijibu watu, aliiweka mita juu ya kaunta. Akageuka. Hakuimba.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, hebu njoo."

Msusi alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia, amesimama karibu yangu, begi mkononi, jasho linamtoka. "Nifanye nini?" akaninong'oneza. "Hii haimo."

Yeye akaniangalia tena, safari hii polepole, na nadhani hapo ndipo alipoelewa anamwigiza nani.

"Dada. Nirudi?"

"Rudi," nikasema.

Akarudi. Akavuka jukwaa lote na lile begi, akafika mbele ya kaunta, akakwama, kwa sababu sikuwahi kumwandikia maneno ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo akasema lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu angesema akiingia mlangoni kwao. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Muuza nyama akavuta pumzi ajibu, akawahiwa kutoka mstari wa tatu.

"Marahaba, mwanangu," akasema baba.

Hakuwa anamwangalia msusi, wala muuza nyama. Alikuwa anaangalia lile pazia la pembeni, pale penye nafasi. Nikalivuta, nikatoka.