Begi la Mzungu na Shiromani ya Mke Wangu

Mwanamume niliyemwonea wivu kuliko wote maishani alikuwa mamluki, na si kwa bunduki yake. Kwa begi lake.

Miaka ile ya mamluki mimi nilikuwa napakua mizigo bandarini Moroni, mke wangu yuko kwao Mutsamudu, kwenye nyumba yake. Kwetu nyumba ni ya mke, mume anakuja na mto wake wa kulalia tu. Mto wangu ulifika mara mbili tatu kwa mwaka, basi binti yetu mdogo akiniona analia kama kaona sindano.

Sasa mamluki huyu, mzungu, alipanga nyumba jirani na ya mke wangu. Kila asubuhi anamtia mwanawe kwenye begi la mgongoni lenye vyuma na kiti, anapanda naye kilima kile nyuma ya ngome ya mji. Binti yangu yuko dirishani, kanyoosha mikono: "Baba! Baba!"

Mke wangu akacheka. "Usimlaumu. Huyo ndiye baba anayemwona kila siku."

Nikacheka na mimi, meno tu.

Siku hiyohiyo nikaunda begi langu. Shule niliiacha katikati, lakini kiti kibovu nakijua. Nikavunja kimoja, nikachukua vyuma vyake, kikabaki kitambaa. Sandukuni mwa mke wangu nikakuta shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojifunika wanawake wa kisiwa chao cha Ndzuani. Mtu wa kisiwa kingine mimi, wa Ngazidja, najua nini? Nikaona leso kubwa. Nikaikata katikati.

Asubuhi mke kaenda sokoni, nikampakia mtoto, nikapanda. Analia njia nzima. Juu kilimani tukakutana na mzungu anashuka na mwanawe mgongoni.

"Umetengeneza mwenyewe?" akauliza kwa Kindzuani chake cha kuokoteza.

"Mwenyewe!" Kifua kikanijaa.

Binti akamwona. "Baba!" Akajirusha upande wake kwa nguvu zote, kamba ya begi langu ikakatika, vyuma vikaanguka, nikamdaka kwa mguu.

"Nimbebe mimi?" akasema mzungu. "Nafasi ipo."

Na mtoto kanyamaza, anangoja kupandishwa!

"Hapana!" Nilivyopiga kelele, hata mwanawe akaangusha biskuti.

Nikafungua kile kitambaa, nikamfunga mgongoni kama wafanyavyo wanawake. Akalia kidogo, akaweka shavu shingoni kwangu, akalala. Nikashuka naye polepole, naogopa hata kukohoa.

Vichochoroni wanawake wakaniona. "Hongera, mama! Umejifungua lini?"

"Leo asubuhi," nikajibu. "Kule juu, peke yangu."

Mlangoni mke wangu aliangalia mtoto, halafu kitambaa.

"Shiromani yangu ya kuvaa harusi ya dada. Umeikata?"

"Kidogo."

"Kidogo! Nusu nyingine iko wapi?"

"Sandukuni. Nzima kabisa."

Akafungua fundo. Mtoto akaamka, akaniachia mimi, akakishika kitambaa, akaenda nacho ndani, kakibana puani.

"Ananusa harufu yangu," mke akasema. "Ulidhani amelala kwa ajili yako?"

Kwa kweli nilidhani. Nikabaki mlangoni nakionea wivu kitambaa.

Kesho yake mzungu akapita. Binti akanyoosha mikono dirishani, "Baba!" kama kawaida yake. Mimi nikageuka nitazame ukuta. Mara nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Ni yeye, anavuta ile nusu ya shiromani mpaka miguuni kwangu. Akasimama, kanigusa mgongo.

Nikachuchumaa upesi, kabla hajabadili mawazo.