Mtambo wa Umeme Uliotoka Jikoni Kwangu

Transfoma ya mtaa wetu wa Kaloleni ililipuka mwezi wa Januari, jua likiwa kali na vumbi tele. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye tulimchagua kwa sababu aliapa kwamba stima haitapotea tena, alikuja akasimama chini ya nguzo. Aliikazia macho ile transfoma kama mtu anayemkaripia mtoto, kisha akarudi kwenye bucha yake Soko la Burma. Huko stima ilikuwepo.

Mume wangu ni karani. Ni mtu mpole, wa Ukambani kama mimi, na ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona kitu kimeharibika asikitolee maelezo. Tulipokuwa tumezoea mishumaa, alirudi jioni moja na simu aliyoichajia kazini, akanionyesha video ya mwalimu fulani akitengeneza umeme kwa kile alichokiita vifaa rahisi vya nyumbani. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Vifaa vya nyumbani ni vyangu. Huyu bwana hajui hata vijiko vinakaa wapi.

"Mama watoto," akauliza, "tuna sinia la plastiki?"

Tulikuwa nalo, lile la kuwapelekea wageni chai. Alilichukua. Alichukua na kifuniko bapa cha sufuria ya ugali, akagandisha kikombe changu cha plastiki katikati yake kwa gundi, kiwe mkono wa kukishikia. Halafu akataka kitu cha sufi. Sweta yake mwenyewe ilikuwa imening'inia mlangoni, lakini macho yake hayakuiona. Yaliiona sweta yangu ya chama cha kina mama wa kanisa.

Alilisugua sinia kwa sweta hadi jasho likamtoka. Akakishika kifuniko kwa kile kikombe, akakiweka juu ya sinia, akakigusa kidogo kwa kidole, akakiinua. Kisha akasogeza kidole tena. Kitu kikalia tap, na cheche ya samawati ikaruka kutoka kwenye kifuniko changu hadi kwenye kidole cha mume wangu. Aliruka, akacheka, akarudia, akacheka tena. Tangu tuoane sijamwona amefurahi hivyo, na harusi yetu naihesabu.

Nilimuuliza kama hiyo cheche itachemsha chai. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba sayansi haianzii kwenye chai.

Angeishia hapo tungecheka tukalala. Lakini alimwita mwenyekiti. Mwenyekiti alikuja, akashikishwa ile bisibisi ya testa ambayo mafundi hutumia kupimia stima, akaambiwa aigusishe kwenye kifuniko. Taa ndogo iliyo ndani ya testa ikawaka mara moja, ikazima. Mwenyekiti aliigeuzageuza ile testa mkononi. Nilimwona usoni akipiga hesabu ya aina nyingine, ya uchaguzi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulijaa ukumbini. Vyombo vyangu vilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, ambacho pia kilikuwa changu. Mwenyekiti alisema mitaa mingine inalia kuomba transfoma, ilhali Kaloleni inajitengenezea umeme wake. Mapazia yakafungwa. Mume wangu akasugua, akaweka, akagusa, akainua, na ile taa ndogo ya testa ikawaka. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kina mama wenzangu wa chama walikuwa wakiniangalia mimi, kwa sababu waliitambua sweta.

Jirani yetu mmoja, mama mjane anayeuza samaki wa kukaanga, alisimama akauliza swali la pekee lenye maana siku hiyo.

"Sasa naweza kuchaji simu?"

"Mama," mwenyekiti akamjibu, "mambo ya kitaalamu tuyaachie wataalamu."

Wataalamu wakachaguliwa papo hapo. Ikaundwa Kamati ya Kawi ya Mtaa, mume wangu akiwa katibu. Walikutana sebuleni kwangu kila Jumamosi, nikawapikia chai, nikawapelekea vikombe viwiliviwili mkononi maana sinia lilikuwa mali ya kamati. Vijana wa pale getini walianza kumsalimia mume wangu, "Niaje, Transfoma." Yeye aliitikia. Alidhani ni heshima.

Kisha mvua za masika zikaanza, na mtambo ukafa. Alisugua sinia mpaka mikono ikamuuma, wala cheche haikutokea. Video ilikuwa imesema wazi kwamba hewa yenye unyevu hula umeme wa aina hiyo, nami nilikuwa nimeisikia nikiwa jikoni. Lakini kamati haikutaka kusikia habari za unyevu. Ilikaa ikachunguza, ikagundua kwamba nilikuwa nimefua sweta. Niliitwa nijieleze, kwenye viti vyangu mwenyewe. Nikasema ilikuwa inanuka. Mume wangu aliangalia sakafu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa kuwa video aliitazama kuliko sisi wote.

Siku ya pili yake nilimfuata yule jirani muuza samaki. Tuliwakusanya kina mama, tukaenda ofisi ya stima, tukaketi kwenye ngazi tumejifunika kanga dhidi ya manyunyu, tukakataa kuondoka hadi mkubwa mmoja akatoka nje kutusikiliza. Haikupita wiki, lori likaingia mtaani na transfoma mpya.

Taa zilipowaka, simu yangu ilikuwa ya kwanza kuchajiwa. Nikafungua kundi letu la WhatsApp, nikakuta mwenyekiti ameishukuru Kamati ya Kawi kwa juhudi zake zisizochoka. Mume wangu alikuwa ameketi mbele yangu. Alisoma ujumbe ule kwenye simu yake, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba atawaandikia kuwa ni sisi kina mama tuliokwenda. Nikamwambia aandike. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mwishowe akatuma neno moja: "Asanteni."

Kamati ingalipo. Siku hizi inashughulikia maji.