Ukurasa wa Pili Ambao Sikuusoma

Siku niliyorudi Bukavu na diploma yangu naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mama yenu anisamehe. Nilishuka kutoka kwenye lori la mchele lililotoka Luberizi, vumbi la barabara ya Nyangezi limenijaa mpaka kwenye nyusi, na mkononi nimeshika bomba la plastiki ambalo ndani yake karatasi ile ilikuwa imeviringwa vizuri. Miaka saba kabla ya hapo, jirani yetu Papa Rubenga alikuwa amesema mbele ya watu, kule kwetu Kasha: "Ile mutoto aende kusoma Lubumbashi? Na feza ya nani? Atarudi na mizigo ya bengine ku mugongo!" Watu walicheka sana. Wengine walisema sitamaliza hata mwaka mmoja.

Nilimaliza yote. Mchana nilipakua magunia ya unga kwenye stesheni ya treni, jioni nilikaa darasani nikinuka jasho, na katika masomo ya biashara na ofisi nilitoka wa tatu kati ya wote. Nasema hivi kwa kujisifu, ndiyo, maana hakuna aliyeyabeba magunia yale kwa niaba yangu. Kabla sijafika nyumbani nilipita kwanza mlangoni kwa Papa Rubenga, nikafungua bomba, nikamwonyesha muhuri. Sikujua kama anajua kusoma. Nilimwachia muda wa kutosha.

Nilizoea kusema kwamba sikusaidiwa na mtu. Si kweli kabisa. Shule ya msingi nililipiwa na Tonton Mugisho, mdogo wa baba yangu, aliyenilea baba alipofariki. Tonton alifanya kazi pamoja na Papa Rubenga katika kiwanda cha kule chini, karibu na ziwa, kilichotengeneza mabati ya saruji ya kuezekea. Ndani ya saruji ile walichanganya amianti, jiwe lenye nyuzi laini kama pamba, lililoletwa kwa magunia. Tonton alikuwa wa msumeno. Alikata mabati kutwa nzima, akirudi nyumbani kichwa na kope zimekuwa nyeupe. Mkewe, Maman Nabintu, alimvua koti mlangoni na kulikung'uta ukutani, na sisi watoto tulikimbia ndani ya lile wingu tukipiga kelele: "Muzungu anafika! Muzungu anafika!" Tonton alicheka kuliko sisi. Magunia matupu alipewa bure, na Maman Nabintu aliyashona yakawa mito ya kulalia. Tulijiona watu wa bahati.

Basi, wiki chache baada ya kurudi kwangu, kiwanda kikasimamisha kazi ya mabati na kuwarudisha nyumbani watu wanane wa msumeno. Kila mmoja alipewa karatasi mbili za Kifaransa zilizobanwa pamoja. Mwisho wa ya pili mtu alitakiwa aandike kwa mkono wake kwamba amesoma na amekubali, kisha atie sahihi, ndipo alipwe. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuandika Kifaransa. Ninyi mnajua desturi yetu: akiwepo msomi katika ukoo, kila kitu chenye maandishi kinaletwa kwake, iwe barua ya mchumba au maelezo ya dawa. Walikuja kwa Tonton Jumapili, baada ya misa. Nilitolewa kiti cha mikono, kile cha padri akitembelea, na dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, likawekwa miguuni pangu. Papa Rubenga naye alikuwa pale, amekaa kwenye benchi pamoja na wenzake, ananingoja mimi.

Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, sentensi kwa sentensi, nikitafsiri. Ulihusu miaka ya kazi na malipo ya mwisho. Watu waliitikia kwa vichwa. Nikageuza. Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi moja iliyoshuka kutoka juu mpaka chini, maneno ya sheria ambayo nilikuwa sijawahi kukutana nayo darasani. Nilianza, nikapotea. Nikaanza tena, nikapotea palepale. Niliinua macho nikawaona wote wananiangalia, na Papa Rubenga akiwa mbele yao.

"Hapo iko inasema nini, Bisimwa?" Tonton aliuliza.

"Iko mambo ya kawaida tu, Tonton. Banawekaka ile ku kila karatasi."

"Kabisa?"

"Mi niko na diplome, Tonton!"

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaandika maneno yale ya kukubali mara nane, kwa niaba ya watu wanane, kwa mwandiko wangu ambao walimu wa Lubumbashi waliusifu, na kila mmoja akabandika kidole gumba chini yake. Walinipigia makofi. Kasiksi ya siku ile ilikuwa tamu mno.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya ofisi, nikajenga nyumba ya matofali, nikawasomesha ninyi. Kati ya wale wanane, mmoja alianza kukohoa, akafa. Tukasema kifua kikuu. Akafuata mwingine, kisha wengine. Tulisema sigara, tulisema baridi ya mlimani, na wapo waliosema uchawi wa majirani. Tonton Mugisho alipofika hatua ya kupumzika mara tatu kati ya bomba la maji na mlango wake, nilimpeleka kwa daktari. Daktari aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Muzee, ulifanya kazi wapi?"

Tonton alipomwambia, daktari alikaa. Akatueleza kwamba vumbi lile haliyeyuki, kwamba nyuzi zake zimekaa mapafuni miaka yote hiyo na kuyafanya magumu kama ngozi iliyoanikwa, na kwamba hakuna dawa ya kuyalainisha. Maman Nabintu aliuliza kama ile mito ilikuwa mibaya pia. Daktari akaagiza sisi pia tupigwe picha. Picha ya kifua cha Maman Nabintu ilitoka safi, na yangu pia, sijui kwa nini.

Walikuwa wamebaki watatu: Tonton, Papa Rubenga, na mzee mmoja wa Bagira ambaye hakuweza tena kutoka kitandani. Tulimpata wakili, mwanamke kijana tuliyemwita Maître Furaha, akafungua kesi katika mahakama ya kazi ili kampuni ya kiwanda kile, ambayo bado ipo na inauza vifaa vya ujenzi, iwalipe wagonjwa na wajane. Alitaka ushahidi kwamba watu hawa kweli walifanya kazi pale. Nikazunguka nyumba nane nikiazima: kadi za kazi, picha za kifua, picha moja ya watu wamesimama mbele ya msumeno, koti moja lililobaki kwa mjane. Papa Rubenga alinipa kadi yake taratibu, kama mtu anayetoa jino. "Kamata, Monsieur Diplome," alisema. "Lakini utairudisha."

Siku ya kwanza mahakamani, wakili wa kampuni hakubisha kuhusu vumbi wala mapafu. Alitoa karatasi nane tu. Nilizitambua kabla hajazisoma. Maneno yale ya sheria, ambayo sasa hata mimi niliyaelewa, yalisema kwamba mfanyakazi amepimwa na daktari, ameonekana mzima, na hatadai kitu chochote kwa kampuni kwa sababu ya ugonjwa wowote, sasa wala baadaye. Hakuna daktari aliyewahi kuwapima. Lakini chini yake yalikuwepo maneno ya kukubali, mara nane, mwandiko mzuri.

"Nani aliandika hapa?" Maître Furaha aliwauliza wazee kwa sauti ya chini.

Tonton aliangalia sakafu. Papa Rubenga aliangalia dirisha. Nami, mwanangu, nilinyamaza. Niliyekuwa nasoma masomo ya misa kila Jumapili, niliyekuwa naitwa kuamua ugomvi wa mipaka, nilinyamaza. Kesi ikasogezwa mbele mwezi mmoja, na wakili wetu akatuambia kwamba bila mtu wa kueleza karatasi zile, hatuna kesi.

Tulipanda kilima polepole. Tonton alisimama kila hatua kumi. Mahali fulani alikaa juu ya jiwe, akavuta pumzi kidogo kidogo, akasema bila kuniangalia:

"Mi nilijua."

"Ulijua nini, Tonton?"

"Ile siku. Niliona macho yako inaruka ile ukurasa."

Nilimuuliza kwa nini basi aliweka kidole.

"Bantu balikuwa banakuangalia. Rubenga alikuwa anakuangalia. Ningekuuliza tena, ungepata haya." Akapumzika. "Nilifikiri iko karatasi tu. Lakini sasa, mutoto wangu, mi sina tena pumzi ya kukuficha."

Hakuwahi kunikaripia maishani mwake, na hilo ndilo karipio pekee aliloniachia.

Mwezi ulipotimia nilisimama mahakamani nikiwa nimevaa suti yangu. Wakili wa kampuni aliniuliza kama nina diploma. Nikasema ninayo. Akauliza kama nilisoma karatasi zile kabla ya kuandika. Nikasema nilisoma ukurasa wa kwanza.

"Na wa pili?"

"Sikuuelewa."

"Bwana mwenye diploma hakuelewa Kifaransa?"

"Sikuelewa. Niliona haya kusema. Niliwaambia ni mambo ya kawaida, wakaniamini. Maneno haya ni ya mkono wangu yote. Hawa wazee hawakujua wanakubali nini."

Watu walicheka kwenye mabenchi ya nyuma, na wapo hapo mjini wanaocheka mpaka leo. Nilirudi kukaa. Tonton alinigusa goti, akaacha mkono wake hapo. Ulikuwa mwepesi sana.

Hakimu alitupilia mbali karatasi zile nane. Alisema kidole cha mtu asiyeelezwa hakiwezi kufuta ugonjwa ambao hata hakuujua, na kampuni ilishindwa kuonyesha jina la daktari yeyote aliyepima. Ikaamriwa kulipa wagonjwa na wajane. Mimi nilisikia hukumu hiyo nikiwa nimefunga kitambaa cheusi mkononi, kwa maana Tonton Mugisho tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla. Mwezi ule niliotumia kuilinda heshima yangu ulikuwa mwezi wake wa mwisho wa kutembea. Hilo nalala nalo, naamka nalo.

Kisha nikazunguka tena zile nyumba nane, safari hii kurudisha. Mjane wa koti alilipokea akiwa amelishika mbali na mwili wake. Maman Nabintu nilimpelekea kadi ya mumewe pamoja na hukumu. Akaniwekea kiti cha kawaida, akasema: "Soma yote." Nilisoma yote, mpaka mihuri. Mahali pawili nilisimama nikamwambia: "Hapa sielewi, Maman, nitamuuliza Maître." Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Papa Rubenga. Alikuwa kitandani, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu ya duka. Nikamkabidhi kadi yake. Aliitazama picha ya kijana yule aliyekuwa yeye, kisha akaigeuza.

"Na huku nyuma, iko inasema nini?"

"Huko nyuma hakuna kitu, Papa. Iko doa tu."

"Uko hakika? Angalia muzuri, Monsieur Diplome."

Nikaangalia vizuri, kweli, nikaisogeza dirishani. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mabega mpaka kikapita. Siku ile sikubaki na karatasi ya mtu yeyote nyumbani kwangu.

Sasa mwanangu, unakwenda kuanza kazi, na diploma yako ni kubwa kuliko yangu, najivunia hivyo na nimemwambia kila mtu. Watu watakuletea karatasi zao. Zisome mpaka mwisho. Ukifika usipoelewa, sema hapo hapo kwamba huelewi, hata kama umekalia kiti cha padri, hata kama Rubenga wako anakutazama. Ukipewa kazi yenye vumbi, uliza ni vumbi la nini kabla hujalipeleka nyumbani kwa watoto. Na aliyeumizwa na kazi, usimwambie avumilie. Mtafutie daktari, mtafutie wakili, weka kadi zake mahali pakavu.

Mungu akupe kifua kipana na pumzi ndefu, akupe watu wa kukuuliza mara ya pili, na ulimi usioona haya kuwajibu. Nenda na amani.