Mgonjwa Amezidiwa, Njoo

Asubuhi ile niliondoka Tezo bila mpango wowote. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmenizoea: nikikaa mahali hadi jirani akajua napenda chai ya rangi au ya maziwa, miguu huanza kuniwasha. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, sijaamua nielekee kusini au kaskazini, simu ikalia. Alikuwa mdogo wa rafiki yangu wa Malindi, mtu ambaye siku zote hunianza kwa matusi ya utani. Siku hiyo hakunitania. Alisema, "Mgonjwa amezidiwa. Ukiweza, njoo." Nikamjibu nakuja, nikakata simu, nikajua kwamba rafiki yangu amekufa.

Asiye wa pwani yetu huenda akashangaa, kwa hiyo nieleze. Mtu aliye mbali haambiwi kwa simu kwamba fulani amefariki. Huambiwa amezidiwa, apate nguvu za kufunga safari, asizimie njiani, asivuke barabara akawa haoni gari. Neno lenyewe lina maana yake halali, kwamba hali ya mgonjwa imekuwa mbaya, na mara nyingine husemwa kwa maana hiyo hiyo. Lakini likisemwa mapema asubuhi, na mtu ambaye sauti imemkauka, likafuatwa na "njoo", halina maana mbili tena. Kila mtu mzima analijua hilo. Na kila mtu mzima, zamu yake ya kulisema ikifika, huamini kwamba anayeambiwa hajui. Nalishikilia neno hili kwa sababu marehemu aliwahi kulitungia mchezo mzima wa kuigiza.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na akitoka darasani alikuwa mtunzi na kiongozi wa kikundi kidogo cha waigizaji: muuza mitumba, wasusi wawili, karani mmoja mwenye sauti nzito ambaye siku zote alipewa nafasi ya baba. Michezo yake yote ilitokea ndani ya nyumba moja, kati ya watu wanaokula sinia moja. Tulijuana nilipokuwa nikiwabebea viti na mapazia kwa ajili ya kusafiri bure. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na yaliyobaki nimeyaokota njiani, kwa hiyo sikuona haya kumuuliza jambo lililonisumbua: kwa nini sisi tuliokaa vitini tunajua tangu mwanzo kwamba binti ameshaolewa kwa siri, na baba yake anaendelea kupokea wachumba mpaka mwisho? Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Hicho ni kinaya," akasema. "Ufunguo mpe mtazamaji, mwenye nyumba mwache nje. Mtu hawezi kuondoka kwenye kiti akiwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake mfukoni."

Tangu siku ile sikuweza kusoma riwaya kama zamani. Nilikuwa nikinunua vitabu vilivyochakaa na kuvisoma popote nilipolala, na kila kinachohusu familia nilikikuta na ufunguo huo. Mke anamsaidia jirani kuchagua leso za arusi, nasi tunajua bwana arusi ni mumewe. Mtoto anamwita mamake dada, nasi tunajua kwa nini yule dada hukasirika akiitwa hivyo. Nilidhani raha yangu inatokana na huruma. Baadaye nikaanza kushuku kwamba nyingine ni raha ya kuwa upande wa wanaojua. Unamtazama mtu anacheka, wewe unajua kesho yake, na kwa muda huo mfupi unajiona mkubwa kuliko yeye.

Mchezo wa neno lile waliuonyesha Ganze, katika ukumbi wa shule. Kijana anafanya kazi mbali, anaambiwa mama amezidiwa, aje. Sisi tumeshamwona mama akifunikwa shuka. Kijana anashuka njiani mara tatu kumnunulia mamake vitu: machungwa, dawa ya kuchua, leso mpya. Kila anapotoa kitu kwenye mfuko na kukisifu, ukumbi unaugua. Anapofika, majirani wanamwambia mama amelala. Anakaa mlangoni kumsubiri aamke, anaanza kumenya chungwa. Hapo ndipo mama mmoja wa pale, mwembamba, leso kiunoni, alipoinuka kitini, akapita mbele ya watu wote, akapanda jukwaani, akamnyang'anya mwigizaji lile chungwa. "Mwanangu, mamako kafa," akamwambia. "Hawa wanakuchezea. Kaa chini ulie." Mwigizaji, ambaye ni muuza mitumba wa Malindi na mamake mzima mpaka leo, alikaa chini na akalia kweli. Mchezo uliishia hapo. Watu hawakupiga makofi, walitoka wakizungumza chini chini kama wanaotoka matangani.

Wakati wa kukunja mapazia rafiki yangu alikuwa amenuna. "Yule mama ameniulia mchezo," akasema. Nikamwambia mimi naona ameumaliza. "Hajaumaliza. Ilibaki nusu nzima. Kijana alikuwa aingie ndani mwenyewe, aguse shuka mwenyewe." Nikamuuliza kama yeye, angekuwa yule kijana, angependa aachwe aguse shuka mwenyewe. Akaniangalia. "Wewe unachanganya jukwaa na nyumba," akasema, "ndiyo maana hukumaliza shule." Tulicheka, lakini alikuwa ameudhika, na safari ya kurudi alikaa mbele na dereva.

Nilikumbuka maneno hayo mwaka huu nilipokwenda kumtazama kitandani. Nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kumwambia kwamba ana vidonda vya tumbo tu, nao wanajua ni ugonjwa usiopona. Dada yake alinishika mkono ukumbini kabla sijaingia: "Usiseme lolote, shemeji, yeye hajui." Nilipobaki naye peke yetu, akanifanyia ishara nisogeze kiti. "Wamekupa ufunguo?" akaniuliza. "Wamenifanya mhusika," akasema. "Kitu wasichojua ni kwamba mhusika ameshausoma mchezo wote." Nikamuuliza kwa nini hawaambii. "Dada yangu hupika uji ule akiamini utaniponya. Nikimwambia najua, atapika nini?" Akaomba maji. Kwa hiyo mtu yule alilala wiki nzima nzima katika nyumba yenye watu wanaompenda, na hapana hata mmoja aliyemuaga.

Sasa nirudi siku ya kifo. Nilifika Malindi nikakuta waume wamejaa barazani na ndani maiti anaoshwa. Mdogo wa marehemu alinieleza kwamba watasali adhuhuri na kwenda kuzika. Nikamuuliza binti. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana anayefundisha shule Voi, aliyekulia nyuma ya mapazia ya babake na kukariri kila mchezo. "Yuko njiani," akasema. "Nimemwambia mgonjwa amezidiwa, aje polepole." Mnajua desturi zetu. Binti haendi makaburini. Kama hakumwona babake kabla ya jeneza kutoka nyumbani, basi hatamwona tena.

Haikupita muda simu yangu ikalia, na alikuwa yeye. Alikuwa Mariakani, nasikia watu na magari nyuma yake. "Shikamoo, mjomba. Uko nyumbani?" Nikamwambia niko. "Wameshamwosha?" Nilitoka barazani nikasimama uani. Nikamuuliza nani aliyemwambia. "Hapana aliyeniambia," akasema. "Ami aliniita mwanangu. Tangu nizaliwe ami huniita bikizee. Leo kaniita mwanangu, halafu kasema amezidiwa. Mimi nimekua ndani ya neno hilo, mjomba." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, ya mtu anayesimamia mtihani. "Nataka wanisubiri. Lakini nitawaombaje wasimzike mtu ambaye wananiambia yu hai? Shangazi anapiga simu kila saa kunieleza amepumua vizuri, amefumbua macho. Nikimwambia najua, atauliza nani kaniambia, na leo si siku ya kugombana. Waombe wewe. Mimi usinitaje."

Wasomaji, nimepita miji mingi na sijawahi kubebeshwa jambo gumu namna hiyo. Nilimvuta mdogo wa marehemu pembeni, nikamwomba wasubiri mpaka alasiri. Akakataa kwa upole. "Maiti huharakishwa, ndugu yangu. Yeye mwenyewe angetaka hivyo." Nikasema binti angependa kumwona babake. "Binti hajui. Akifika tutamkalisha, tutamweleza vizuri, wanawake watamshika." Hapo niliona hakuna njia ya kumwombea bila kumtaja. "Anajua," nikasema. Uso wake ukabadilika. "Nani kamwambia? Ni nani huyu mwenye mdomo?" "Wewe," nikamwambia. "Mimi? Mimi nimesema amezidiwa." "Na ukamwita mwanangu." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale uani, akashika kichwa. "Bikizee," akasema peke yake. "Sikuweza kumwita bikizee leo." Kisha akainuka, akaenda kuwaambia wazee kwamba watasali alasiri.

Lakini hakuwaambia wanawake sababu, na mimi sikujua kwamba hajawaambia. Binti alifika wakati jeneza liko ukumbini na sisi waume tumesimama mlangoni. Shangazi yake alitoka mbio kumpokea na kumzuia barazani, macho yamemvimba, akilazimisha tabasamu ambalo sitaki kulikumbuka. "Karibu mwanangu, pumzika kwanza. Babako amelala." Binti akamwangalia. Nilidhani atasema. Badala yake akauliza, "Amekula?" Na shangazi, masikini, akajibu, "Amekula kidogo. Uji." "Alhamdulillahi," akasema binti. Walisimama hivyo, wameshikana mikono, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa uongo ambao hakuna aliyeuamini. Watu waliojaa barazani wote walijua, na hapana aliyesogeza hata mguu. Ule mchezo ungeweza kuendelea hadi ndani, hadi kwenye shuka.

Aliyeukata ni ami yake. Alikuja akasimama kati yao, akamwambia dada yake, "Basi, nyamaza. Anajua." Akamgeukia binti. "Bikizee. Babako amefariki alfajiri. Amekufa." Ndipo yule msichana, aliyetoka Voi mpaka Malindi akijua, aliyenipigia simu kwa sauti kavu akiuliza kama maiti ameoshwa, akatoa ukelele na kuanguka kifuani kwa ami yake kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Na kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Walimwingiza, akafunuliwa uso wa babake, akakaa naye muda aliotaka. Tukasali alasiri, tukaenda kuzika.

Nimelifikiri jambo hilo sana tangu siku ile, na bado halinipi utulivu. Marehemu alinifundisha kwamba kinaya hutokana na nani anajua na nani hajui. Hayo yanatosha kitabuni. Nyumbani nimeona wote wanajua, na kinaya kipo pale pale, kwa sababu kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kitu kingine. Mtu anayejua peke yake hana pa kulilia. Mpaka mwenzake amtamkie, usoni, kwa neno lenyewe, hana ruhusa ya kuanguka wala mikono ya kumdaka. Sisi tunaoficha hudhani tunamwondolea mwenzetu uchungu. Uchungu anao tayari, tunachomwondolea ni sisi wenyewe. Rafiki yangu aliujua ugonjwa wake, akaubeba kimya kwa ajili ya uji wa dada yake, na dada yake sasa anauliza kila anayekuja matangani kama marehemu alimwachia neno lolote.

Siku ya pili niliondoka Malindi, nikaingia bara kupita Ganze, hadi kijiji ambacho sikuwahi kufika na wala sina mtu ninayemjua. Nilipiga hodi kwenye boma la kwanza lililokuwa na moshi, nikaomba mahali pa kulala. Mwenye boma, mama wa makamo aliyekuwa akipukuchua mahindi, alinikaribisha kivulini akanipa maji kwenye kata. Kisha akaniuliza kama anavyoulizwa kila mgeni: "Habari za utokako?" Hapo, kwa desturi, mtu hujibu njema, hata kama nyuma yake nyumba imeungua, halafu mengine huyatoa kidogo kidogo baada ya kula. Niliyanywa maji yale yote. "Si njema, mama," nikamwambia. "Nimetoka kuzika rafiki yangu." Aliweka hindi chini, akajipangusa mikono, akaja kukaa karibu nami.